Kiti cha Nyuma Alichomnyima Mkewe

Tunayemzika leo ni mume wangu, fundi wa treni ya bembea, mtu mpole aliyenikera maisha yake yote. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Mvua ilinyesha siku hiyo hadi bata wakabisha hodi waingizwe ndani. Wanaosema si kweli walikuwa wamelala.

Shule alianza mwaka 1956, kisha akaenda chuo cha ufundi, alikotoka na cheti cha uchomeleaji na ugonjwa wa kueleza mambo. Ukimwuliza chumvi iko wapi, alianzia inakochimbwa.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye uwanja wa burudani, kuitunza ile treni inayopanda na kushuka kwenye reli za juu. Mimi nilishikilia kwamba ina injini chini ya viti. "Haina, mke wangu," alisema. "Mnyororo unaivuta hadi kilele cha kwanza, basi. Kuanzia hapo inaishi kwa kimo ilichopewa. Ikishuka, kimo kinageuka mwendo. Ikipanda, mwendo unageuka kimo. Upepo na msuguano vinakula kidogo kidogo njiani, ndiyo maana vilima vinavyofuata ni vifupi zaidi." Nikamwambia ni kama yeye asubuhi: asipovutwa kitandani, hana mwendo siku nzima.

Tulifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976. Wiki hiyo treni ilijaribiwa ikiwa tupu, nayo kwa wepesi wake ikakwama bondeni. Marehemu akawapakia wakwe wawe mzigo. Shangazi yangu alipoketi, ilikwenda hadi ikakataa kusimama.

Mimi aliniweka katikati daima. Nilitaka nyuma kabisa, kwa sababu mwenyewe alinieleza: wa mbele huvuka kilele polepole, wakiwangoja wenzao wapande, wa nyuma hunyakuliwa na waliokwisha kushuka, hata makalio yakaachana na kiti.

"Kwani nyuma ni hatari?"

"Si hatari. Chuma cha mapajani kinakushika."

"Basi niweke."

"Kesho, mama."

Tukapata watoto wanne, wote wakapanda nyuma, mimi bado nangoja kesho.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2024. Alipolazwa, nilimwuliza tena mbele ya muuguzi. Akatabasamu, akasema kesho. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi. Nilimkasirikia, na hasira haijaisha.

Juzi fundi mwenzake alikuja kutoa pole, ndipo akafungua mdomo. "Mama, mzee aliijaribu treni kila asubuhi, yeye kiti cha nyuma. Pale kileleni alifumba macho akamwita mama yake. Aliogopa ukionja kiti kile, utataka mkae pamoja, umwone anavyoogopa."

Kwa hilo tu? Si ningemshika mkono tukapiga kelele pamoja.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na fundi huyo, aliyeahidi kuniweka nyuma Jumamosi. Mwanangu mkubwa ameshaanza kuniambia nisubiri kidogo. Nimeshasubiri. Marehemu na apumzike salama. Mimi nitakuwa kwenye kiti cha nyuma, macho wazi, na pale kileleni nitamwita yeye.