Mafuta Niliyompa Mama Amsinge Mwanangu

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleykum. Wazee wangu mliokaa huko mbele, shikamooni. Mwenyekiti amenisihi niongee polepole, maana nikikasirika maneno yangu yanakimbia kama cherehani. Nitajitahidi. Ila hasira nimekuja nayo, na kinyaa nimekuja nacho, sikuweza kuviacha nyumbani.

Uso wangu mnauona. Msijifanye hamwoni kitu. Tangu nijiunge na kikundi hiki mnayaangalia haya madoa ya kijivu mashavuni, na kwa adabu zenu hamjawahi kuniuliza. Kuna mmoja nilisikia amesema niliungua kwa maji ya moto. Hapana, mama. Nilijiunguza mwenyewe, kila asubuhi, kwa mafuta, huku nikijitazama kwenye kioo na kutabasamu.

Mimi ni mtoto wa Matombo niliyeolewa hapa Bigwa. Shamba langu liko juu mlimani, kabichi na karoti. Wenye mashamba ya huko mnaijua siku yetu. Unapanda asubuhi kwenye ukungu, baridi inakung'ata masikio, kwa hiyo unalima kichwa wazi, kwani nani avae kofia wakati jua halionekani? Unainama, unapalilia, ukungu unaondoka wala hujui umeondoka saa ngapi. Mchana unashuka na mzigo wako mpaka mjini, unakaa nao barabarani juani hadi alasiri. Miaka kumi na tisa nimeishi hivyo, na usoni sikupaka chochote zaidi ya mafuta ya mgando.

Weusi ukaanza mashavuni, kulia na kushoto, kama mtu kanipaka masizi. Ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka juu ya mdomo nikaonekana nina masharubu. Wateja wakaanza, "Dada, jua limekupiga!" Shemeji yangu, ambaye yeye mwenyewe hana cha kujivunia, akaniambia nikisimama karibu na jiko sionekani. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Nilipokuwa mwali kule Matombo niliwekwa ndani miezi mingi, kama walivyowekwa wasichana wa wakati ule. Jua nilikuwa naliona kwenye nyufa za mlango tu. Siku ya kutolewa nilikuwa mweupe, ndugu zangu, mpaka akina mama wakapiga vigelegele kabla sijafika uwanjani. Somo wangu, yule aliyenifunda, akawa ananizungusha, "Tazameni rangi! Tazameni rangi!" Nikabeba sifa hiyo kichwani miaka yote. Nikaamini ile ndiyo rangi yangu halisi, na kwamba jua limeniibia. Kwa hiyo nilikuwa nadai changu.

Kwanza nilijaribu sanskrini, mafuta ya kuzuia jua. Nilinunua kwa kijana anayetembeza vipodozi kwenye beseni, beseni lenyewe limeshinda juani tangu asubuhi. Boksi lilikuwa na picha ya mzungu na namba mia moja, na ile namba ilikuwa ya stika, imebandikwa upande. Nilipominya yakatoka maji kwanza, halafu mabonge, mfano wa maziwa yaliyoharibika. Nikapaka hivyo hivyo! Kitone kimoja uso mzima, asubuhi, basi mpaka kesho. Nikawa mweupe kama nimemwagikiwa unga wa muhogo, jasho likatiririka na michirizi hadi shingoni. Baada ya mwezi weusi uko palepale. Nikatangaza mtaa mzima kwamba sanskrini ni utapeli wa watu wa mjini.

Ndipo nikaenda kwenye mkorogo.

Dada wa saluni aliukoroga mbele yangu, nyuma ya pazia, kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukutani. Akaminya tyubu tatu ambazo nilikuja kujua baadaye ni dawa kali za ngozi, zile ambazo daktari anakuandikia kidogo tena kwa siku za kuhesabu. Akamimina losheni. Akadondoshea kitu kutoka kwenye chupa isiyo na karatasi, nikamwuliza ni nini, akanijibu, "Hicho ndicho kinachofanya kazi." Alikoroga kwa mwiko wa ugali. Nauona ule mwiko hadi leo, una ukoko pembeni. Na mimi nilisimama pale namshukuru!

Miezi mitatu nilikuwa malkia. Ngozi ikatakata, ikalainika. Shemeji akanyamaza. Halafu yakaanza ya kweli, na hapa naomba wenye chakula tumboni mnivumilie. Jua la mchana likinipata, yale mafuta yalikuwa yananuka. Yananuka yai viza. Jasho likishuka shingoni linashuka na utelezi, nzi wananifuata mimi wanaziacha nyanya za jirani. Mteja anainama kuchagua kabichi, anainuka amefunga pua. Uso umekuwa rangi ya soda ya machungwa, vidole kwenye maungio vimebaki vyeusi tii. Mishipa ya mashavuni inaonekana myekundu kama ramani. Nikikaa juani dakika kumi uso unawaka, kwa hiyo jioni naongeza mkorogo ili utulie. Mnaona ujinga ulivyokamilika? Nikipaka kidogo, madoa yanarudi meusi kuliko mwanzo, nami nazidisha. Nilikuwa nanuka, nawashwa, nachubuka, na bado nilikuwa najiona mrembo.

Na ubaya wangu haukuishia kwenye ngozi yangu. Laiti ungeishia hapo.

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne tulikubaliana na ukoo awekwe ndani mwezi mmoja, kisha achezwe ngoma ya kutolewa. Siku hizi hatuweki miezi, watoto wana shule. Mama yangu mzazi akashuka kutoka Matombo kuja kumlea mwali, kumfunda na kumsinga, yaani kumsugua mwili kwa mafuta. Kwetu mama wa mwali haingii ingii mle ndani, ile ni kazi ya bibi. Nikapiga hesabu zangu: mwezi mmoja hautoshi kumtoa mtoto mweupe kama nilivyotoka mimi. Watu watasema nini? Nikachota mkorogo, nikautia kwenye kopo safi, nikachanganya na mafuta ya nazi na karafuu kuua harufu. Nikampelekea mama mlangoni.

"Mama, haya ndiyo mafuta ya kumsinga mwanangu. Asubuhi na jioni."

Mama akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umefanya vyema kuandaa mapema."

Bibi wa watu hajui kitu. Anachota kwa kiganja, anamsugua mjukuu wake uso, shingo, mikono, anamwimbia. Mimi niko nje napika uji, najisikia mama bora.

Wiki ya pili nilikuwa shambani nakata kabichi, kisu kikateleza kikanipasua mkono huu, nyuma ya kiganja. Kidonda chenyewe hakikuwa cha kutisha. Nikafunga kanga, nikashuka hadi zahanati. Nesi aliyenipokea ni mama mtu mzima, mpole. Akanichoma ganzi, akaanza kushona.

Ndugu zangu, nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Alivuta uzi, na ngozi ikaja na uzi. Ilichanika, kama karatasi iliyolowa. Akashona pembeni kidogo, ikachanika tena. Mara ya tatu akaweka sindano chini, akanyanyua mkono wangu hadi puani kwake, akanusa.

"Mama, unapaka nini?"

"Mafuta ya kawaida tu, nesi."

"Mafuta ya kawaida hayaifanyi ngozi hivi. Hii ngozi imeoza ungali hai."

Niliuangalia ule mkono nikaona si wangu, nikatamani kuuacha palepale mezani niondoke. Nesi hakunigombeza. Alibana kidonda kwa plasta maalumu, akafunga bandeji, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nyumbani kwako, nani mwingine anapaka?"

Nikainuka. Akauliza tena. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Sijui nilifikaje nyumbani. Niliingia chumba cha mwali bila hodi, mila nikaikanyaga. Mwanangu alikuwa amekaa mkekani, shingo imebanduka vipande vipande, na chini ya macho pamevimba pamekuwa pekundu. Akanitazama akasema, "Mama, nilimwambia bibi kunawaka moto. Akasema nivumilie, mafuta ameleta mama yako, mama yako hawezi kukudhuru."

Nikamgeukia mama yangu. Alinifunulia viganja vyake tu. Viganja vile vya jembe, vigumu, vilivyonilea, vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu. Alikuwa anavificha kwenye kanga asinivunje moyo.

Nikapiga magoti nikasema yote. Mkorogo, ndoo, mwiko, yote. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo umenifanya nimwunguze mjukuu wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Huku nikiimba." Akainuka, akatoka nje, akaniacha kwenye magoti. Tangu siku hiyo hadi mwali alipotolewa hakuitikia shikamoo yangu.

Kesho yake tulikwenda wote watatu hospitali kwa daktari wa ngozi. Binti na mama mkorogo ulikuwa umewagusa siku chache tu, wakapona ndani ya wiki kadhaa. Mimi daktari aliniachisha mkorogo polepole kwa dawa zake, na hata hivyo uso ulilipuka vipele vya usaha, nikawa najifungia. Mwaka na zaidi. Haya ya kijivu mnayoyaona ni makovu ya mkorogo, si ya jua. Daktari alisema mengine hayatatoka. Ya jua yangeweza kupungua.

Siku moja nikamweleza habari ya kurudisha rangi yangu. Akaniambia, "Tazama tumboni kwako, pasipopata jua. Hiyo ndiyo rangi yako." Nikatazama. Maji ya kunde, ndugu zangu. Nzuri tu. Ile niliyoililia miaka ishirini ilikuwa rangi ya kufungiwa ndani, basi.

Sasa sikieni nilichofundishwa, maana mashamba bado tunakwenda. Ukungu hauzuii jua. Linapenya, na huko juu mlimani ni kali kuliko mnavyodhani. Sanskrini si utapeli, mtapeli ni yule mwenye beseni, na mjinga alikuwa mimi. Nunua duka la dawa, boksi limefungwa, tarehe ya mwisho inasomeka, halijakaa juani. Namba ya kinga ya jua, ile SPF, iwe thelathini au zaidi, na iwe imeandikwa kwamba inazuia mionzi ya aina zote mbili, inayounguza na inayotia weusi. Kama inakuacha na unga usoni, omba yenye rangi ya kahawia. Inaendana na ngozi zetu, na kwa madoa haya inasaidia zaidi. Jaribu kidogo chini ya taya kwanza. Pima vidole viwili, shahada na cha kati, urefu wote, kwa uso na shingo. Kile kitone changu cha zamani hata mbu hakimtoshi. Unatoka jasho? Rudia kila baada ya saa mbili. Na juu yake vaa kofia ya pama, ukungu uwepo usiwepo. Wakinicheka shambani na pama langu, nawajibu wacheke tu, mimi niko kivulini.

Na mtu akikukorogea kitu asichoweza kukitaja jina, kimbia. Usimsikilize hata sifa zake. Mle ndani kuna uozo.

Namshukuru nesi yule aliyeuliza mara mbili. Namshukuru daktari. Namshukuru mwanangu, ambaye siku ya kutolewa alitoka na rangi yake ya maji ya kunde na mabaka mawili shingoni. Wanawake wakanong'ona, "Mbona hakung'aa?" akawasikia, akanyanyua kichwa akaendelea kucheza. Nawashukuru ninyi mlionikaribisha na uso huu bila kuniuliza.

Na namshukuru mama yangu. Amekuja leo, yule pale nyuma aliyevaa kanga ya kijani. Shikamoo yangu anaitikia siku hizi, na viganja vimepona. Mwezi uliopita nilimnunulia mafuta ya kawaida ya kupaka miguu, nikampa mkononi. Alifungua kifuniko, akanusa muda mrefu, akanirudishia kopo. Akaniambia, "Anza wewe." Nikapaka mbele yake, mikono yote miwili, tukakaa pamoja tukingoja.