Haron Kibe, Aliyetaka Nyuso Zifike Zikiwa Nzima

Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, Janice Wanjira. Marehemu hakupenda kusifiwa na, tusidanganyane, hakurahisisha kazi ya kumsifu. Kwa hivyo yatasemwa yaliyokuwa.

Haron Kibe Njuguna alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Satellite, Riruta, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Samson Njuguna na Mama Hannah. Akiwa na miaka minne alishikwa na nimonia, nusura aende. Tangu hapo Mama hakumruhusu kutoka nje kabla kifungo cha juu cha shati hakijafungwa. Wenzake walimcheka wee mpaka wakachoka. Alikifunga hata Januari jua likichoma, bila tai, na aliendelea kukifunga hata alipokuwa baba wa mtu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Riruta, kisha shule ya bweni Kiambu, na mwaka 2009 akahitimu shahada ya uhandisi wa umeme. Alikuwa na tabia ya kubishana na walimu kwa sauti ya chini, jambo lililowaudhi kuliko kelele.

Alijaribu kazi ya ofisi, ikamshinda. Mwaka 2014 alifungua studio ya video River Road pamoja na rafiki yake Musembi, juu ya wachapishaji wa kadi. Walipiga video za harusi na mazishi, na kuzirusha moja kwa moja kwa jamaa walio ng'ambo. Katika harusi mojawapo alimwomba dada ya bibi harusi asimame ukutani ili arekebishe kamera, kisha akasahau kumwambia aondoke. Huyo ni Ruth Syokau. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2015 na kujaliwa binti mmoja, Hannah, aliyepewa jina la nyanya yake. Syokau hushikilia kwamba siku ile Kibe alikuwa akiutazama ukuta.

Mei 2020 Mzee Njuguna alifariki. Wanjira alikuwa kazini Doha na ndege zilikuwa zimesimamishwa, akayatazama mazishi kwa simu. Jeneza lilipofunguliwa mtandao ulilegea, uso wa baba yake ukavunjika ukawa miraba ya kijivu, na ukabaki hivyo mpaka kifuniko kikarudishwa. Hakumwona. Aliumia, na bado anaumia. Kibe hakuwa na pole nyingi. Alisema tu kwamba jambo hilo halitatokea tena katika familia hii, akarudi studio.

Kwa wasioijua kazi hiyo: video haitumwi nzima. Simu ya anayepokea hukisia kila kipande cha picha, na kinachosafirishwa ni marekebisho ya kisio hilo. Kisio likiwa zuri, cha kutuma huwa kidogo, na hata mtandao dhaifu hukibeba. Unaweza kukisia kwa kutazama vipande vilivyo kando katika picha ileile, au kwa kutazama picha iliyotangulia. Kibe aliziita njia hizo Jirani na Jana.

Mwanzoni alimwamini Jana peke yake. Katika harusi moja huko Ngara, bibi harusi alipita mbele ya mchungaji, akaenda zake, na kwenye video shela yake ikabaki kichwani mwa mchungaji, naye anaendelea kuhubiri. Jamaa wa Toronto walipiga simu kuuliza hilo ni dhehebu gani. Musembi alicheka hadi akakaa chini. Kibe aliuliza tu mchungaji alikuwa amesimama wapi.

Ndipo akaanza kuwachanganya hao wawili, kila kipande kwa kipimo chake: palipotulia Jana anasikilizwa zaidi, palipopita mtu Jirani anasikilizwa zaidi, na kwingi wanasikilizwa wote wawili. "Kila mmoja anakosea kivyake," alimwambia Syokau. "Ukiwachanganya, makosa yanapungua." Aliifanya kazi hiyo miaka mitano, na nyumbani haikuwa rahisi kumpata mezani. Mtihani mkubwa, alisema, ni pale waombolezaji wanapopita mbele ya jeneza.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa, akaendelea kufanya kazi kitandani. Septemba Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akalazwa. Kibe alifariki nyumbani Satellite, Alhamisi tarehe 9 Oktoba, asubuhi, Syokau na Wanjira wakiwa kando yake. Mama aliomba kitu kimoja tu, auone uso wa mwanawe. Daktari amekataa atolewe kitandani, na mtandao wa wodini ni wa kubahatisha.

Ameacha mkewe Syokau, binti yake Hannah, mama yake Hannah, dada yake Wanjira, na Musembi, ambaye si ndugu wa damu lakini msimwambie.

Kijitabu mlichoshika kinaishia hapo, kwa kuwa kilichapishwa Jumatano. Yanayofuata ni ya leo asubuhi. Kabla hatujatoka chumba cha maiti, Musembi aliwasha kamera na ile kazi ya Kibe, akampigia Mama. Kisha akatuomba tupite mbele ya jeneza, mmoja mmoja, kama mtakavyopita nyinyi baadaye. Tulipita. Mama alinyamaza, akanyamaza tena, na Wanjira akajua kwamba ni miraba ya kijivu.

"Kifungo ya juu mmeacha wazi," Mama akasema. "Mfungieni. Hiyo kifua haipendi baridi."

Sote tuligeuka kutazama. Kilikuwa wazi kweli, na hakuna aliyekuwa ameona. Wanjira alikifunga kwa mkono wake, na Mama akasema sawa, sasa mnaweza kwenda.

Mama yuko nasi kwenye kamera ile pale. Kibe, shati limefungwa. Lala, ndugu yangu.