Maji ya Goti la Fundi

Mama Birika, muuza kahawa wetu, alinifuma nyuma ya kijiwe, suruali nimeikunja hadi mapajani, najipaka grisi ya magari magotini. Mimi huyu, niliyevuka mipaka minane! Dawa nilipewa na Spana, fundi magari, ambaye kwake hakuna ugonjwa usiofunguka kwa grisi. Sijamaliza kujifuta, Fundi Cherehani akaja akichechemea, goti limejaa kama papai. Wiki iliyopita daktari alilivuta maji kwa sindano. Leo saa nne alitakiwa arudi, avutwe tena. Akaketi kwenye benchi.

— Siendi, akasema.

— Uende ukafanye nini? Spana akadakia. Gari haliendi bila oili, yeye anakumwagia! Na maji yakimwagika hayazoleki.

— Tena mchovya asali hachovyi mara moja, nikatia langu. Kaanza na goti, kesho yuko kiunoni.

— Wewe nyamaza, unanuka gereji, Mama Birika akanikata. Fundi, daktari alisemaje?

— Alinionyesha kichupa. Maji ya goti lisilo na ugonjwa, anasema, ni maangavu, mafuta yake kiduchu. Yangu yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Utando wa ndani umevimba, unavujisha. Sasa mafuta ya kwenye damu, pamoja na protini zinazoyabeba, yanapenya humo kwa wingi.

— Si ndiyo salama yako! Spana akaruka. Mwili umejitilia grisi wenyewe, daktari anaiiba!

— Anaipeleka wapi? Fundi akauliza.

— Kwenye magoti ya wakubwa. Umewahi kuona waziri anachechemea?

Nikaapa kwamba huko nilikotembea niliwaona wazee wakinywa kikombe cha mafuta kila alfajiri, kisha wakiruka ukuta. Sikuongeza kwamba ukuta wenyewe ulikuwa wa choo.

Fundi akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani.

— Jamani, mimi naogopa. Likikauka, cherehani nitaikanyagaje? Sare arobaini za shule zimelala mezani, na mguu ndio huu.

Hapo mkewe akatokea, kadi ya kliniki mkononi. Akatutazama mmoja mmoja.

— Shemeji zangu, kati yenu nani ameshaponya goti? Hata moja tu.

Spana akakohoa. Mama Birika akapata kazi ya ghafla kwenye makaa.

— Lakini shemeji, nikasema kwa sauti ndogo, wakiyatoa yote, goti si litakauka?

— Sasa hivi limejaa, na hatembei. Baba watoto, inuka.