Baiskeli Inayolia Haitoki: Mzee Sikio Aaga Karakana

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa baiskeli, ambaye idara nzima inamwita Mzee Sikio, anastaafu baada ya kuutumikia mradi wetu wa maji kwa miaka ishirini na tisa. Karibu utumishi wote huo ameufanyia katika chumba kimoja: karakana iliyo nyuma ya stoo ya mabomba, yenye mlango wa bati, dirisha moja, na ndoano za kutundikia baiskeli darini. Uongozi umeagiza wasifu wake uandikwe kwa ufupi na kwa furaha. Ufupi tutaujaribu.

Aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba mitaro. Wazee wa idara wanasimulia kwamba hakuweza kunyamaza. Kila msomaji mita alipopita juu yake na baiskeli, sauti ilipanda kutoka mtaroni: "Pedeli ya kushoto hiyo, bwana!" au "Spoki imelegea, nyuma!" Mkuu wa kituo wa wakati ule alichoka, akamwambia atoke shimoni akazitengeneze mwenyewe, au anyamaze. Alitoka. Koleo lake aliliacha palepale, na inasemekana lilifukiwa pamoja na bomba.

Vijana wa leo huenda wasijue kwa nini mradi wa maji ulimhitaji fundi wa kelele. Enzi hizo msomaji mita ndiye aliyekuwa pia mkata maji. Baiskeli ikilia, nyumba zilizo na deni ziliisikia tangu kona ya pili. Msomaji alipofika alikuta geti limefungwa, na mtoto dirishani akimwambia mama amesafiri, huku sauti ya mama ikisikika chumbani ikimwuliza mtoto kama yule mtu wa maji ameshaondoka. Ofisi ikaagiza baiskeli zote zinyamazishwe. Kazi hiyo Mzee Sikio aliifanya vizuri kiasi kwamba wateja walianza kulalamika kuvamiwa.

Njia yake ilikuwa ya maswali. Inalia ukikanyaga, au hata ukiiachia ijiendee? Ukiwa umekaa, au ukisimama kupanda mlima? Mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli, au kwa kila mzunguko wa gurudumu? Baada ya hapo alikuvua mkoba, funguo na ile ndoano ya kufunulia vifuniko vya mita, akakutuma uzunguke uwanja. Msomaji mmoja alimsumbua mwezi mzima na mlio wa tik, tik upande wa kulia. Fundi alibadilisha gololi, akabadilisha pedeli, akakaza kila nati. Mwisho akamteremsha, akamwambia achuchumae na kuinuka. Goti likalia. Alimwelekeza zahanati, na hadi leo mwenzetu huyo anaitwa Gololi.

Mteja mkubwa wa karakana alikuwa msomaji wa njia ya mlimani. Watu walimwita Mwewe, kwa sababu alitua mlangoni bila kusikika. Yeye na Mzee Sikio walikuwa marafiki wa kutaniana kutwa. Mwewe alidai baiskeli yake ndiyo pekee inayotengenezwa kwa heshima. Fundi alimjibu kwamba baiskeli haina tatizo, tatizo ni mzigo. Msimu mmoja wa mvua, Mwewe alileta malalamiko ya mkwaruzo mdogo shingoni mwa baiskeli, chini ya usukani, akipanda mlima. Ilikuwa asubuhi ya kukata maji na foleni ilikuwa ndefu. Fundi alifungua shingo, akaijaza grisi, akafunga. Mkwaruzo ukaisha. Mwewe alizunguka uwanja mara moja, akapaza sauti kwamba sasa hata mbwa watamsamehe, akaondoka.

Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu na kuingia shingoni, ulikatika siku ya nne, kwenye mteremko wa kutoka kwenye tangi. Mwewe aliishi siku mbili hospitalini.

Taarifa ya ofisi ilitaja barabara yenye utelezi, na hapa hatukusudii kuipinga taarifa hiyo. Lakini wasifu huu haungekuwa wake kama usingeeleza kilichotokea kwenye mkutano wa wafanyakazi uliofuata. Mzee Sikio alisimama akasema: "Kelele niliisikia, nikaipaka grisi. Sikuitafuta." Aliambiwa akae, hakuna aliyemuuliza. Hakukaa. Aliirudia tena, polepole, kisha akatoka akaenda nyumbani kwa marehemu kuwaambia na wao. Mjane alimsikiliza mlangoni, akafunga mlango. Alirudi wiki iliyofuata. Alirudi miezi mingi. Siku moja alikaribishwa ndani, akapewa kiti. Uma wenyewe ulikuwa umeshauzwa pamoja na vyuma chakavu, hivyo hakupata kamwe kujua kama ufa ulikuwepo asubuhi ile, mahali ambapo angeuona kama angefuta na kutazama. Hilo amelibeba hadi leo, na hatuna maneno ya kulipunguza.

Tangu hapo karakana ilibadilika. Kopo la grisi lilihamia kabati la mtunza stoo, na fundi mwenyewe ilimbidi aende kuliomba, akishataja kelele ilikotoka. Kabla ya kuitaja, hakupaka chochote. Na baiskeli inayolia haikutoka. Ilitundikwa ndoanoni, na msomaji alikwenda kwa miguu. Wasomaji walimchukia kwa hilo, tusifichane. Walimuuliza kama yeye ni fundi au mlinzi. Aliwajibu kwamba mshahara ni mmoja, anafanya yote mawili. Wakuu wa kituo watatu walimwandikia barua za onyo kuhusu ucheleweshaji wa usomaji. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaendelea.

Miaka ya karibuni masikio yake yalipungua. Aliyesikia hilo kwanza ni yeye, na alilitangaza mwenyewe, ili mtu asije akamtegemea bure. Akaanza kutumia kijiti: upande mmoja ameuminya kwa meno, upande wa pili umegusa chuma cha baiskeli, macho amefumba. Alisema meno hayajastaafu. Wageni waliopita karakanani walidhani anaila baiskeli.

Mwezi huu wa mwisho umekuwa mgumu. Binti wa Mwewe, ambaye sasa ndiye msomaji wa njia ya mlimani, alileta baiskeli yake akisema inatoa mlio mdogo, kama ukucha ukigonga kikombe, mguu wa kulia unapokandamiza. Huyu binti amemwita fundi Baba Mdogo tangu akiwa shule. Mzee Sikio alisikiliza, hakusikia kitu. Wasomaji wengine walizunguka nayo uwanja. Wawili walisema labda, wengine walisema hakuna. Alivua pedeli, cheni, kiti, gololi zote, akarudisha kimoja kimoja. Hakuna. Kijiti hakikumwambia kitu. Binti alimwambia, mbele ya watu, kwamba kama yeye Baba Mdogo hasikii basi pengine ni masikio yake yeye binti yanayotunga. Fundi alimjibu: "Mwanangu, mwenye kuikalia ni wewe. Ukisema inalia, inalia." Akaitundika.

Njia ya mlimani ikachelewa. Ofisi, kwa haki kabisa, ilisema kwamba ikiwa fundi mwenyewe haisikii kelele, basi baiskeli ni nzima. Aliagizwa aitoe Jumatatu ya wiki hii. Hakuitoa. Aliambiwa ajue kwamba zimebaki siku chache, asiharibu jina lake mlangoni. Jumatatu hiyo binti alikwenda mlimani kwa miguu, ndoano ya mita begani, akarudi magharibi viatu vimebanduka soli. Hakuna aliyecheka.

Jumanne fundi aliomba wasomaji wawili waishike baiskeli imesimama, binti akaipanda na kukandamiza pedeli kwa uzito wake wote, naye akalala chini sakafuni na kijiti chake. Alikisogeza kidogo kidogo. Ikumbukwe kwamba mwaka jana baiskeli zote zilipakwa rangi ya buluu kwa brashi, kwa nia njema ya kupendezesha mradi, na rangi ile ni nene. Chini kabisa, bomba la mbele la fremu linapoungana na kikombe cha gololi za pedeli, alisimamisha kijiti. Aliomba msasa. Alisugua rangi mpaka chuma, akamwita binti ashuke atazame. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, na ulizunguka bomba zaidi ya nusu.

Binti alikaa chini pale pale. Mzee Sikio aliinuka, akaenda getini, akasimama katikati ya njia mpaka msomaji wa mwisho aliporudi kutoka kazini, na kila aliyeingia alimpokonya baiskeli kwa mikono yake. Wengine walifikiri umri umemzidi. Siku mbili zilizofuata alisugua viungo vya baiskeli zote zilizonunuliwa pamoja na ile. Tatu zaidi zina ufa mahali palepale. Moja kati yake ilikuwa imetoka kubeba, asubuhi ya Jumanne hiyohiyo, msomaji wa njia ya soko, mama wa watoto wanne, ambaye hakuwahi kusikia chochote.

Mkuu wa kituo ameziona nyufa kwa macho yake, na tunamshukuru kwa kukubali kushuka karakanani. Ameagiza baiskeli zote zisitoke hadi zikaguliwe. Ukaguzi utafanywa na nani, bado haijaamuliwa. Nafasi ya fundi haijatangazwa. Lipo pendekezo la kumkodi mtu wa nje aje mara moja kwa mwezi, na pendekezo hilo halisemi kama atakuwa na mamlaka ya kukataa. Kuanzia wiki ijayo usomaji utafanywa kwa miguu, na wateja wanaombwa uvumilivu.

Alipoulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa, Mzee Sikio alisema hataki saa wala godoro. Aliomba jambo moja liandikwe hapa, na kwa idhini iliyopatikana leo mchana, tunaliandika: msomaji akisema baiskeli inalia, aaminiwe, hata kama fundi hasikii.

Mzee wetu, asante. Asante kwa miguu iliyochoka kwa sababu yako na shingo zilizobaki nzima kwa sababu yako, ingawa si zote, na wewe ndiye uliyetukataza kusahau. Tunakuombea afya, mikono isiyotetemeka, na usingizi ambao tunajua umekupita kwa miaka mingi. Mama wa njia ya soko anakusalimu na watoto wake. Binti wa mlimani amesema atakusindikiza hadi kwako kwa miguu. Leo jioni, tunapokuaga, baiskeli zote zimo ndani.