Filomena Nangomwa, Dereva Aliyezikataa Nguvu za Farasi

Jumanne asubuhi, tarehe 29 Juni 1976, Filomena alinikuta nikifungua kopo la maziwa kwa bisibisi yake, akaniambia, "Baba Ben, hiyo ina kazi yake," akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaitia mfukoni na kwenda kazini, nami sikusikia tena neno lake, kwani nilipofika hospitali alikuwa hasemi.

Kwa desturi historia hii ya marehemu ingesomwa na shemeji yangu Marselino, lakini nimemwomba aniachie, kwa sababu kuna mahali ambapo niliombwa niiandike vingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, wilayani Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Leonardi Nangomwa na Mama Eufrazia, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1959, kisha akaja Temeke kuishi kwa dada yake. Mwaka 1965 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, akafundishwa udereva, na baada ya hapo aliendesha malori ya ujenzi kwa miaka saba bila kugonga hata mbuzi. Tulifunga ndoa tarehe 21 Septemba 1968, tukajaliwa Benedikto, mwaka 1969, na Demetria, mwaka 1972. Mwaka 1974 tulihamia kijiji chetu hiki cha Ujamaa, hapa Chanika, naye akakabidhiwa lori la kijiji, lori la msaada, la petroli, ambalo bloku, yaani mwili wa injini yake, ni ya alumini.

Mwezi Aprili mwaka huu, kijiji jirani kilipotushinda kwa mizigo iliyofika sokoni, Kamati ya kijiji iliitisha kikao na kupiga kura injini yetu iongezwe nguvu za farasi, mikono yote ikanyooka isipokuwa mmoja, wa dereva. Alieleza kwamba fundi aliyependekezwa amezoea injini za chuma, kwamba vichwa vya injini vikichongwa ili kuongeza mgandamizo, joto nalo litazidi, na kwamba alumini hujipinda kwa joto, na boliti zikikazwa kama kwenye chuma, nyuzi za matundu yake hukatika. Ndugu Adelard, Mwenyekiti wetu, aliyekaa hapa mbele, alimjibu, "Dada Filomena, alumini si ndiyo sufuria, na sufuria si inakaa motoni kila siku?" Kikao kikacheka. Akasema, "Ikikauka maji, Ndugu Mwenyekiti, nayo hutoboka," wakacheka tena, azimio likapita, na kwa kuwa azimio ni la wote, aliyelipinga akarudishiwa funguo aendeshe.

Kwa majuma machache lori lilipanda vilima kama halina mzigo, na Mwenyekiti alisifiwa. Jumanne hiyo, kwenye mlima wa Pugu, likiwa limejaa magunia ya makopa ya muhogo, kichwa kimoja cha injini kiliachia, maji yakamwagika, injini ikakwama, na breki, ambazo husaidiwa na injini inapozunguka, zikawa nzito kuliko mguu wa mtu, lori likaanza kurudi nyuma. Aliwapigia kelele vibarua wawili waliokaa juu ya magunia, "Rukeni, nyie, rukeni," wakaruka, nao ni wazima, wamo humu. Yeye alibaki na usukani, akalielekeza lori kwenye ukingo ili lisiwafikie waliokuwa wakipanda kwa miguu, nalo likapinduka naye. Alifariki Alhamisi, tarehe 1 Julai, saa tisa alasiri, kwa kuvuja damu ndani ya mwili.

Niliombwa niseme kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Sisemi hivyo, kwa kuwa si kweli, na watoto wake wanasikia.

Nawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani, Mama Zohra wa dukani aliyeleta shuka kabla hatujaomba, na madereva wenzake waliokuja kutoka mjini. Kamati naishukuru kwa kusimamisha kazi leo.

Lala, Mama Ben, umewafikisha watu wako.

Jana asubuhi, vijana wa Kamati walipofika na majembe kuchimba kaburi, kama ilivyo desturi, niliwashukuru, nikawaomba wakae wanywe chai, nikavua shati, na kaburi tumelichimba mimi na shemeji zangu.