Historia ya Mama Rudia, Aliyeandika Mbili Nukta Tisa

Ndugu waombolezaji, kwa kuwa mama yetu hakuwahi kuamini karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, kila tarehe tutakayoisoma hapa tumeihakiki mara mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, ambako aliwahi kumrudishia mwalimu karatasi ya hesabu akilalamika kuwa amezidishiwa alama moja, na mwaka 1988 akapata stashahada ya maabara.

Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho koridoni, dirisha likitazama tangi la maji, na humo ndimo alimopatia jina la Mama Rudia, kwani yeyote aliyemletea jibu zuri kupita kiasi aliambiwa neno hilo tu.

Mwaka 1990 fundi saa wa sokoni alimwambia saa yake inachelewa dakika nne kwa siku, akaipeleka kwa fundi wa pili, naye akasema nne, akawashuku kuwa wameshaongea, akaipima mwenyewe wiki nzima kwa taarifa ya habari ya redio, na alipopata nne akarudi kwa yule wa kwanza, wakafunga ndoa tarehe 20 Aprili 1991, wakajaliwa watoto watatu, ambao hakuna aliyewahi kukwepa shule kwa kusingizia homa.

Mara mbili kwa mwaka maabara huletewa sampuli za kupimwa umahiri, kila maabara ipime peke yake bila kuuliza jirani, kisha itume jibu kwa waandaaji, ambao ndio pekee wanaojua namba ya kweli. Mwezi Mei 2022 marehemu alipima potasiamu ya sampuli namba tatu, akapata mbili nukta tisa, akaandika daftarini na kusaini, lakini fomu iliyowafikia waandaaji kwa jina lake ilisema tatu nukta sita, sawasawa na maabara ya ng'ambo ya barabara, na wote wakawa wamekosea. Mkuu wake alimwambia, "Dada, kubali tu ulipiga simu ng'ambo ukaomba jibu, mbona kila mtu hupiga," naye akajibu, "Basi, bosi, anza kunitajia hao kila mtu," na wiki hiyohiyo akahamishiwa stoo ya glavu, akiitwa mnakili baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi.

Figo zilianza kumsumbua tarehe 9 Agosti 2023, akalazwa hospitali ileile, na kila alipotolewa damu alisema, "Pimeni wenyewe, wanangu, msiulize ng'ambo." Tarehe 6 Juni 2024 waandaaji, baada ya kulikagua daftari, waliandika kwamba namba ya kweli ilikuwa mbili nukta tisa na kwamba fomu haikujazwa kwa mwandiko wake, akatutuma tupige simu kuhakikisha barua ni yao, tukapiga, akaomba miwani, akaisoma tena. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, na wenzake wote wa maabara, akiwemo aliyeandika tatu nukta sita, ambaye barua haikumtaja, nasi hatumtaji, ila nakala ya fomu ile tunayo nyumbani, pamoja na kitabu cha rambirambi ambamo nyote mmeandika asubuhi hii kwa mikono yenu.

Pumzika kwa amani, mama, kilichobaki tutakirudia sisi.