Mama Vipimo na Joto la Barazani

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyesoma kipimajoto kwa miaka thelathini na minane. Miaka thelathini na minane, asubuhi na alasiri, mvua inyeshe, jua liwake. Mtaani walimwita Mama Vipimo. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Kituo chao cha hali ya hewa ni ofisi ya chumba kimoja na ua wa nyasi. Katikati ya ua pana kisanduku cheupe cha mbao, na humo kipimajoto hukaa kivulini, mbali na ukuta. Mbali na ukuta, wasikilizaji. Lishikeni hilo.

Mmesikia mataifa yakiahidi kujitahidi joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi moja na nusu juu ya lile la kabla ya viwanda kutapakaa. Nambari hiyo haikuokotwa jalalani. Kujua tumefika wapi, wataalamu hulinganisha daftari za vituo kama hiki, maelfu kwa maelfu, za zamani na za sasa. Daftari likikosea, hesabu inayumba.

Basi siku moja simu ikalia kutoka makao makuu.

"Mama, daftari la mzee lina miezi kumi na minne ya joto la ajabu. Unajua sababu?"

Alijua. Miezi hiyo ilipopita, yeye alikuwa na miaka tisa. Baba alivunjika mguu, ngazi za kushukia uani zikamshinda. Akakitoa kipimajoto kisandukuni, akakitundika ukutani barazani, ili asikose kusoma hata siku moja. Na kweli hakukosa, hata akapewa cheti. Lakini ukuta ule ulipigwa jua mchana kutwa, na mzee hakuandika popote kwamba amekihamisha. Joto la zamani likaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. La leo likaonekana halijapanda sana.

Waliojua walibaki wawili tu: yeye na kaka yake. Kaka akapandwa na mori.

"Dada, utamvua baba nguo na yumo kaburini?"

"Mficha uchi hazai, kaka."

"Kituo kimoja tu! Nani atajua?"

"Kila kituo ni kimoja."

"Haya, mwanasayansi. Kakishushe na cheti chake ukutani."

"Cheti ni halali yake. Alisoma kila siku. Alisoma mahali pabaya, basi."

Alichukua kalamu, akaandika pambizoni: "Kipimajoto kilikuwa barazani. Msomaji alikuwa mgonjwa, hakuwa mwongo." Akatia sahihi. Makao makuu hawakuzifuta nambari za mzee. Waliziwekea alama, wakazisahihisha kwa kuzilinganisha na vituo jirani.

Kaka hakumsemesha mwaka mzima. Mwaka mzima, wasikilizaji, na nyumba zao zinapakana.

Juzi msibani kaka mwenyewe alitusimulia: "Nilikwenda ofisini kwake nikiwa bado nimenuna. Akanifungulia daftari. Nikasoma mara mbili. Nikamwambia, mbona hukuandika kwamba mguu aliuvunja akizibua mfereji wa paa la kituo hikihiki? Akanisukumia kalamu. Akasema, andika wewe, na wewe ulikuwepo."

Akaandika. Pambizo ile sasa ina sahihi mbili.

Pole nyingi kwa kaka, kwa watoto na wajukuu wa Mama Vipimo. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu na moyo wake: ni jambo gani tunalijua, na tumelinyamazia kwa sababu tunampenda mtu? Mungu amlaze mahali pema.